Msuluhishi Asiye na Rungu: Serikali na Migogoro ya Kazi katika Viwanda Vizito

Tanuru la kuyeyushia chuma haliwashwi asubuhi na kuzimwa jioni. Likishawashwa hufanya kazi usiku na mchana kwa miaka kadhaa mfululizo, na likiachwa lipoe bila maandalizi, chuma kilichobaki tumboni mwake huganda kikawa gogo zito ambalo wakati mwingine haliondoki ila kwa baruti. Kiwanda cha kuyeyusha alumini kina hatari kubwa zaidi, kwa maana umeme ukikatika kwa saa chache tu, safu nzima ya vyungu huanza kuganda. Mgodi wa chini ya ardhi nao unahitaji pampu za maji na feni za hewa hata siku ambayo hakuna jiwe hata moja linalopandishwa juu. Kwa sababu hiyo mgomo katika viwanda vizito una uzito wake wa pekee: kila upande unajua kwamba unaweza kumwumiza mwenzake kiasi ambacho hakitarekebishika, na serikali inajua kwamba wawili hao wakiumizana, reli, mitambo ya umeme, viwanda vya magari na kazi za ujenzi zitaumia pamoja nao.

Ni kawaida, basi, kwamba mgomo wa namna hiyo ukinukia tu, waziri huulizwa atafanya nini. Mimi naona swali hilo halitoshi. Linalopaswa kuulizwa ni kwamba serikali itaingia katika chumba cha mazungumzo ikiwa na cheo gani: msuluhishi anayewasaidia wenye mgogoro wafikie makubaliano yao wenyewe, mwamuzi anayesikiliza kisha anatoa hukumu, au mwenye nguvu anayeamuru kazi iendelee. Serikali ina uwezo wa kuwa yote matatu, na ninavyozisoma habari za migogoro mikubwa ya viwanda kwa zaidi ya karne moja, nazidi kuamini kwamba madhara mengi hutokea pale inapojaribu kuvaa kofia zote hizo kwa wakati mmoja.

Tuanze na mgomo wa makaa ya mawe wa Pennsylvania, Marekani, mwaka 1902, kwa kuwa ndio unaotajwa mara nyingi kama mwanzo wa serikali ya nchi ile kuingia katikati badala ya kusimama upande wa mwajiri. Wachimbaji zaidi ya 140,000 waliacha kazi mwezi Mei wakidai nyongeza ya asilimia 20, siku ya kazi ya saa nane, na chama chao kitambuliwe. Makaa yale magumu ndiyo yaliyopasha joto nyumba za miji ya mashariki, na ilipofika Oktoba baridi ilikuwa inabisha hodi. Rais Theodore Roosevelt hakuwa na sheria yoyote iliyompa mamlaka ya kuwaita watu hao, lakini aliwaita. Tarehe 3 Oktoba, akiwa kwenye kiti cha magurudumu kwa sababu mguu wake ulikuwa umeumia katika ajali ya gari la farasi, aliwaketisha chumba kimoja wakuu wa kampuni za reli zilizomiliki migodi na John Mitchell, rais wa chama cha wachimbaji. Mitchell akasema yuko tayari kukubali uamuzi wa tume yoyote ambayo Rais ataiteua. Wenye migodi, George Baer akiwa mstari wa mbele, walikataa hata kuzungumza naye. Walichotaka ni askari na mashtaka dhidi ya chama. Kikao kikavunjika siku hiyo hiyo.

Ukikitazama kikao kile juu juu utasema usuluhishi ulishindwa. Kilichoshindwa, kwa maoni yangu, ni kuwaketisha watu uso kwa uso kabla hawajawa tayari kuonana. Yaliyofuata ndiyo yenye mafunzo. Waziri wa Vita, Elihu Root, alikwenda New York kuonana na J. P. Morgan, mwenye benki ambaye fedha zake zilikuwa ndani ya kampuni zile za reli, na wakaandika waraka ambao ndani yake wenye migodi wenyewe ndio waliopendekeza iundwe tume. Yaani jambo lile lile walilolikataa lilipotoka kinywani mwa Mitchell, walilipokea lilipoandikwa kama pendekezo lao. Hawakutaka mwakilishi wa vyama vya wafanyakazi katika tume. Walitaja aina za wajumbe wanaowataka, mmoja wao awe mtaalamu mashuhuri wa mambo ya jamii. Roosevelt akamteua katika nafasi hiyo E. E. Clark, kiongozi wa chama cha makondakta wa reli, na wenye migodi wakanyamaza, kwa kuwa waraka wao ulikuwa haujavunjwa na heshima yao haikuguswa. Kazi ilirejea tarehe 23 Oktoba. Machi 1903 tume ikatoa uamuzi: nyongeza ya asilimia 10, siku ya kazi ya saa tisa kwa wengi wao badala ya kumi, na bodi ya kudumu ya kusuluhisha malalamiko, yenye wajumbe sawa kwa sawa wa pande mbili. Chama hakikutambuliwa rasmi, lakini kwa vitendo kilikuwa na viti katika bodi hiyo, ingawa si kwa jina lake.

Ni lazima niseme pia kwamba pembeni Roosevelt alikuwa ameandaa mpango wa kulituma jeshi liendeshe migodi, na sidhani habari ya mpango huo haikuchangia chochote katika kulainisha mioyo. Nguvu ya dola ilikuwepo. Tofauti ni kwamba ilikaa nje ya chumba, na aliyeingia chumbani kuzungumza na Morgan hakuwa na bei mfukoni. Root hakusema wachimbaji walipwe kiasi gani. Alitafuta njia ambayo watu wenye kiburi wangeweza kupita bila kuonekana wamepiga magoti.

Hapo ndipo kazi halisi ya msuluhishi ilipo, nayo haionekani sana katika magazeti kwa sababu haina picha. Mara nyingi pande mbili hukaa vyumba tofauti, na msuluhishi hutembea baina yao. Anayoambiwa katika chumba kimoja hayasemi katika kingine bila ruhusa, na sheria za nchi nyingi hulinda usiri huo, kwa hiyo yaliyosemwa katika usuluhishi hayawezi kugeuzwa kuwa ushahidi baadaye. Usiri huu una kazi kubwa. Meneja wa kiwanda cha chuma anaweza kumnong'oneza msuluhishi kwamba bodi imeidhinisha zaidi ya kile alichokitaja mezani. Kiongozi wa chama anaweza kukiri kwamba wanachama wake wanajali zaidi likizo ya ugonjwa kuliko asilimia waliyoiandika kwenye mabango. Hakuna kati yao anayethubutu kulisema hilo mbele ya mwenzake, kwa kuwa litageuka mara moja kuwa sakafu au dari ya mazungumzo.

Tuseme wafanyakazi wanadai asilimia 12 na mwajiri ametoa 4. Msuluhishi asiyejua kazi atagawa katikati na kupendekeza 8, na pande zote zitaondoka zikiwa na hasira. Anayeijua atauliza kwanza fedha zile zinakwenda kwa nani. Nyongeza ya asilimia huwapa zaidi wale ambao tayari wanalipwa zaidi. Nyongeza ya kiasi kimoja kwa wote humwinua yule wa daraja la chini. Ataiuliza kampuni ni gharama gani hasa inayoiogopa: mshahara wa mwaka huu, au mshahara ambao michango ya pensheni na malipo ya saa za ziada vitahesabiwa juu yake kwa miaka yote ijayo. Atauliza kama posho ya joto kwa wale wa tanuru na posho ya zamu ya usiku zinaweza kubeba sehemu ya mzigo, kama mkataba wa hali bora utakuwa wa mwaka mmoja au mitatu, na nyongeza itaanza kuhesabiwa lini. Kila swali hulivunja dai moja gumu kuwa madai madogo yanayoweza kubadilishana nafasi. Kazi hiyo ni ya polepole, na wakati mwingine usiku mzima hupita juu ya neno moja la ibara moja.

Zaidi ya hapo, kila aliyeketi mezani ana watu nyuma yake. Kiongozi wa chama hawezi kurudi getini mikono mitupu, na meneja hawezi kurudi kwenye bodi akiwa ametoa kila kitu. Msuluhishi mzuri humsaidia kila mmoja kujiandaa kwa mkutano huo wa pili ambao yeye mwenyewe hatakuwepo. Migogoro mingi ninayoifahamu haikukwama kwa sababu ya idadi ya fedha. Ilikwama kwa sababu hakuna aliyefikiria namna makubaliano yatakavyosomwa mbele ya wanachama.

Sasa tutazame kinyume chake. Ujerumani, kuanzia amri ya Oktoba 1923, serikali ilikuwa na mamlaka ya kuteua mwamuzi katika mgogoro wa kazi, na Waziri wa Kazi aliweza kuutangaza uamuzi wake kuwa wa lazima kwa pande zote. Nia ilikuwa njema: nchi ilikuwa imechoka, na kila mgomo ulihofiwa kuiangusha. Lakini kadiri miaka ilivyopita, mazungumzo yenyewe yalidhoofika. Kwa nini chama kipunguze madai yake wakati kinajua kwamba mwamuzi atatafuta mahali fulani katikati? Kwa nini mwajiri apandishe kiwango chake wakati kila hatua anayopanda itakuwa ndiyo mwanzo wa hesabu ya mwamuzi? Kila mmoja alifika akiwa mbali iwezekanavyo na mwenzake, kisha wote wakaisubiri serikali, na aliyepata uamuzi mbaya akailaumu serikali. Novemba 1928 waajiri wa viwanda vya chuma katika eneo la Ruhr walikataa uamuzi uliokwisha kutangazwa kuwa wa lazima, na wakawafungia nje wafanyakazi zaidi ya 200,000. Bunge likalazimika kutoa fedha za kuwasaidia waliofungiwa, na mwezi Desemba Carl Severing, Waziri wa Mambo ya Ndani, akaitwa kutoa uamuzi mwingine. Mgogoro wa mshahara ulikuwa umegeuka mgogoro kati ya wenye viwanda na jamhuri yenyewe. Naona uchungu kila ninapousoma mkasa huo, kwa kuwa serikali ile haikufanya ubaya wa kukusudia. Ilichukua tu mzigo ambao si wake, na mzigo ulipoanza kuiyumbisha ikawa haina pa kuutua.

Marekani nayo ilionja mambo hayo kwa namna nyingine. Aprili 1952, vita vya Korea vikiendelea, Rais Truman aliamuru viwanda vya chuma vitwaliwe na serikali ili mgomo usitokee. Tarehe 2 Juni Mahakama ya Juu ikasema hana mamlaka hayo, na mgomo ukatokea hata hivyo. Mwaka 1959 wafanyakazi wa chuma wapatao 500,000 waligoma kwa siku 116, hadi mahakama ilipowarudisha kazini kwa siku 80 chini ya sheria ya mwaka 1947. Amri ile iliwasha matanuru, lakini haikugusa kiini cha ugomvi, ambacho hakikuwa mshahara hasa. Kampuni zilitaka kufuta ibara ya mkataba iliyolinda desturi za kazi za kila idara, kwa mfano idadi ya watu katika kikosi cha mashine fulani. Kwa mfanyakazi ibara hiyo ndiyo iliyoamua kama mwenzake wa zamu atakuwepo mwakani. Jambo la namna hiyo haliamuliwi na jaji, wala halipoi kwa siku 80 za lazima. Lilitulia Januari 1960, baada ya Waziri wa Kazi James Mitchell na Makamu wa Rais Richard Nixon kukutana kwa faragha na pande zote, na ibara ile ikabaki. Wakati huohuo wanunuzi walikuwa wamekwisha kujifunza kuagiza chuma kutoka nje.

Nikitafuta mahali ambapo usuluhishi ulichelewa kwa gharama ya uhai, siwezi kuipita Marikana. Agosti 2012 waendesha mashine za kutoboa miamba katika mgodi wa platinamu wa Lonmin, Afrika Kusini, waligoma wakidai randi 12,500 kwa mwezi, na walitaka kuzungumza na uongozi wa mgodi moja kwa moja kwa sababu hawakujiona tena ndani ya chama kilichotambuliwa. Mwajiri alishikilia kwamba upo mkataba halali na ipo njia halali ya kuzungumza. Kwa karatasi alikuwa sahihi. Watu kumi walikuwa wamekwisha kuuawa siku zilizotangulia, wakiwemo polisi na walinzi, na tarehe 16 Agosti polisi waliwaua wachimbaji 34. Makubaliano yalikuja tarehe 18 Septemba, baada ya mazungumzo ambayo tume ya usuluhishi ya nchi ile ilishiriki kuyaongoza na viongozi wa makanisa wakasaidia, na safari hiyo wawakilishi wa wagomaji wenyewe walikuwa mezani. Kila mfumo wa usuluhishi hutegemea orodha ya wanaotambuliwa, na orodha hiyo inaweza kuzeeka bila mtu yeyote kugundua. Msuluhishi wa serikali anayepiga simu tu kwa wale walioandikwa kwenye faili lake anaweza kuwa anazungumza na watu ambao umati wa wagomaji hauwasikilizi tena. Hilo, kwangu, ndilo somo chungu kuliko yote.

Miaka miwili baadaye, katika ukanda huo huo wa platinamu, wafanyakazi wapatao 70,000 waligoma kwa miezi mitano, kuanzia Januari hadi Juni 2014. Waziri mpya wa madini, Ngoako Ramatlhodi, aliingia katikati mwishoni mwa Mei, akajiondoa mapema Juni, na siku chache baada ya kujiondoa pande zile zikafikia makubaliano ya awali. Sitaki kudai kwamba kuondoka kwake ndiko kulikoleta mapatano. Uchovu na njaa vilikuwa na sehemu kubwa. Hata hivyo naona alifanya jambo la busara kuondoka hadharani, kwa kuwa maadamu waziri yupo chumbani, kila upande huweka akiba ya neno la mwisho ukimngojea yeye.

Ndiyo maana napendelea usuluhishi ukae katika chombo kilicho mbali kidogo na waziri. Mwaka 1947 Marekani iliutoa usuluhishi katika Wizara ya Kazi na kuupa taasisi yake, kwa sababu waajiri hawakuamini kwamba wizara iliyoundwa kwa ajili ya wafanyakazi ingeweza kuwa katikati. Tume ya Afrika Kusini iliyoanza kazi mwaka 1996 inaongozwa na baraza lenye wajumbe wa serikali, waajiri na wafanyakazi, na Tanzania ilijenga Tume ya Usuluhishi na Uamuzi chini ya sheria za mwaka 2004. Umbali huo ni wa lazima hasa pale mgodi au kiwanda kinapokuwa mali ya umma. Katika mgomo wa wachimbaji wa makaa wa Uingereza wa 1984 na 1985 mwajiri alikuwa shirika la serikali, na kila mtu alijua kwamba maamuzi mazito hayakuwa yake peke yake. Chombo huru cha usuluhishi kilijaribu na hakikufanikiwa kuumaliza mgomo ule. Pale ambapo mwenye mali ni yule yule anayeunda serikali, msuluhishi hana wa kumgongea mlango wa pili.

Kuhusu muda, sheria za Afrika Kusini, Tanzania na Kenya zote hutaja siku 30 za usuluhishi kabla ya mgomo halali. Huo ni muda wa kutosha kwa mgogoro mdogo, na ni mfupi mno kwa kiwanda chenye zamu tatu na madaraja mengi ya mishahara, ikiwa msuluhishi anaingia siku ya kwanza bila kujua tofauti ya fundi wa tanuru na fundi wa kinu cha kubana chuma. Sisemi muda uongezwe, kwa sababu kila siku inayoongezwa humnufaisha yule anayetaka kuahirisha. Ninachosema ni kwamba msuluhishi wa viwanda vizito awe ametembelea kiwanda kabla mkataba haujaisha, amesoma mkataba unaokwisha, na anawajua kwa majina watakaoketi mezani.

Na jambo la kwanza la kukubaliana lisiwe mshahara. Liwe ni nani atabaki kazini mgomo ukitokea, ili tanuru lisigande na maji yasijaze mgodi. Sheria ya kazi ya Afrika Kusini ya mwaka 1995 ina kifungu kuhusu huduma za kutunza mitambo, yaani zile ambazo zikikatizwa zitasababisha uharibifu wa eneo la kazi, kiwanda au mashine. Pale huduma hiyo ikitambuliwa, mwajiri naye haruhusiwi kuleta vibarua wa kuziba nafasi za wagomaji. Naona kifungu hicho kimepimwa vizuri. Wafanyakazi hutoa kikosi cha kulinda mali ambayo kesho watairudia, na mwajiri huweka chini silaha yake kali kuliko zote. Watu ambao wameweza kukubaliana kuhusu nani atawasha pampu wiki ijayo wamekwisha kuzungumza mara moja kwa faida, na msuluhishi ana karatasi moja yenye sahihi mbili ya kuanzia.

Karatasi ya mwisho nayo isiachwe kwa wanasheria waliochoka. Mgomo wa kiwanda kizito hauishi siku ya kutia sahihi, kwa sababu tanuru lililofunikwa huhitaji muda kurudi kwenye joto lake, na watu wote hawawezi kurudi zamu moja. Iandikwe nani anarudi siku ya kwanza na nani siku ya tano, na huyo wa siku ya tano analipwa kuanzia lini. Iandikwe hatima ya waliofukuzwa wakati wa mgomo, mmoja mmoja, na nani atasikiliza kesi za wale ambao hawakukubaliwa. Iandikwe kwa lugha wanayoitumia watu wa zamu, isomwe kwa sauti getini kabla ya kura, na msuluhishi abaki na namba yake ya simu ikiwa wazi kwa wiki kadhaa baadaye, kwa kuwa ugomvi wa kwanza kuhusu maana ya ibara ya tatu utatokea kabla ya mshahara wa kwanza kulipwa.